Sahani ya Shangazi Mwanaidi

Juzi mjukuu wangu Rehema alivaa glavu ndefu kabla ya kusafisha tangi la kioo la samaki wake wa mapambo.

"Nina mchubuko, Bibi. Maji haya yakiingia kwenye kidonda yanaleta ugonjwa wa vinundu. Ila hauambukizi mtu kwa mtu."

Nikakumbuka nilipokuwa mtoto. Shangazi yangu Mwanaidi alikuwa akisafisha tangi kama lile kwa watu, kule Kawe, mikono mitupu. Vidoleni vikamtoka vinundu visivyopona. Nyumbani kwetu Mwananyamala tulikula sinia moja, lakini yeye, mama alimtengea sahani yake, nyuma ya mlango.

Mchana mmoja wali wa nazi ulinukia nyumba nzima. Shangazi akanimegea tonge. "Njoo, mwanangu Tatu, ule na mie."

Nikaficha mikono mgongoni. "Mama kasema utaniambukiza."

Kwenye sinia, dada zangu Asha na Mwajuma wakacheka. Shangazi hakunigombeza. Alilirudisha lile tonge sahanini, akatazama ukuta. Mie nilidhani ameshiba.

Siku hizi Rehema akienda kazini nakula peke yangu. Nikimega tonge la kwanza, nasema, "Karibu, shangazi."