Macho Mekundu ya Mzee wa Kanisa

Jumapili iliyopita, huko Tetu, wazee wa kanisa walimwita mwenzao aeleze kwa nini macho yake ni mekundu. Mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu.

"Mzee, sema ukweli. Ni muratina?"

"Pombe sinywi. Ni baridi yabisi," akajibu, akiwaonyesha vidole vilivyovimba na kupinda. "Daktari amesema huu ugonjwa wa viungo unaweza kuingia macho. Jumatano niende kliniki, la sivyo naweza kupofuka."

Mwenyekiti akacheka. "Ati ugonjwa wa vidole umepanda mpaka kwa macho? Umepitia wapi?"

"Kwani damu yako haifiki huko?"

Wakakasirika. Wakaahirisha shauri hadi Jumatano hiyo hiyo; asipofika, ataandikwa mlevi na kunyimwa meza ya Bwana. Niliwaambia basi watafute mwandishi mwingine.

Jumatano nilimpeleka kliniki mwenyewe. Alipewa dawa ya kutia machoni, tukaambiwa tumewahi, ataona. Kanisani ameshaandikwa mlevi.

Sisi watu wa ng'ombe hatumwambii jirani ametia maji kwenye maziwa kabla ya kuyapima kwa chombo. Jirani mwenyewe tunampima kwa kumtazama tu.