Nafasi ya Baba kwenye Cheti

Kazi yangu hapa Machakos ni kuwasemea watoto wa watu: wale wa machimbo ya mawe kule Lukenya, wale ambao mama zao wanashona nguo viwandani, wale wanaorudishwa nyumbani na shule hadi walete karatasi. Makarani wananijua. Nikiingia afisini wanaangaliana, maana mimi nikiambiwa njoo kesho hukaa chini. Ukaidi huo nilifundishwa na mwanamke mmoja wa Kangundo ambaye hamu yake hainitoki, na hunizidia siku ambayo mtoto fulani amepata cheti chake na sina wa kumsimulia.

Alikuwa mjane, hakujaliwa kuzaa. Kwetu Ukambani mwanamke kama huyo anaweza kumwoa mwanamke mwenzake ili nyumba yake isizimike. Anayeolewa huitwa iweto, na watoto wake ni wa nyumba ya aliyemwoa. Mama yangu alikuwa iweto. Aliyemwoa nilimwita susu, yaani nyanya, na neno la mwisho lilikuwa lake, kuhusu kahawa, kuhusu kanisa, kuhusu nani apakuliwe kwanza. Wa kwanza nilikuwa mimi. Mama alipopata kazi ya kushona nguo kiwandani, kule EPZ, nilibaki na susu, na sikuona kasoro yoyote. Nilidhani kila nyumba ina susu aliyelipa mahari.

Nikiwa darasa la nane tukaambiwa asiye na cheti cha kuzaliwa hatasajiliwa kwa mtihani. Susu akavaa viatu vya Jumapili, akatia kitambulisho cha mama mkobani, tukashuka mjini. Karani alikuwa kijana mpole. Alijaza fomu vizuri mpaka alipofika kwenye jina la baba.

"Andika mimi," susu akasema. "Mbuzi wa mahari nilipeleka mimi."

Karani hakucheka, lakini foleni nzima ilicheka. Akamweleza kwa heshima kwamba mwanamke haandikwi hapo, pataachwa bila jina. Susu akakataa katakata. Mtoto wake hatabeba karatasi yenye pengo, alisema, akakaa kwenye benchi na kutangaza kwamba haondoki. Watu wakazidi kucheka. Katika foleni hiyo alikuwemo msichana wa darasa letu pamoja na baba yake, baba mwenye tai. Aibu ikanipanda mpaka masikioni. Nikamsogelea karani.

"Huyu ni nyanya jirani yetu tu," nikasema. "Sina baba. Weka tu alama."

Karani alishusha pumzi, akapiga X nne palipokuwa pa jina, akagonga muhuri. Susu aliinuka polepole, akajipangusa rinda. Njiani aliniuliza kama nina njaa. Mama aliposikia alitaka kunichapa, susu akamzuia, akasema mtoto akinyea kiganja hukikati. Hakulitaja tena neno hilo. Mimi pia sikumwomba msamaha, kwanza kwa kiburi, baadaye kwa kuzoea. Nilifaulu mtihani, nikasoma, nikawa huyu mwenye mdomo.

Mwaka jana tulimzika. Ratiba ya mazishi iliandikwa na ndugu za marehemu mumewe, na msomaji akaisoma kwa sauti nzuri ya kanisani: marehemu hakujaliwa mtoto, ameacha majirani wengi waliompenda. Mama alinigeukia. Alijua kwamba hiyo ndiyo kazi yangu, kwamba nimesimama mbele ya machifu na mahakimu kwa ajili ya watoto nisiowajua hata majina. Nilitamani kusimama, na bado natamani, kila siku natamani. Nilibaki nimekaa. Wale watu hawakuwa wamedanganya. Walikuwa wamesoma cheti changu.

Nilipoitwa kutupa udongo, niliitwa pamoja na majirani.