Upande wa Kushoto

Mdogo wangu alikufa kwa tairi. Waliomuua nawajua, na majina yao nayajua. Siyaandiki hapa, ila kazi zao nitazitaja: mwenye gari, ambaye bado ana duka kubwa Omurushaka, dereva wake, na trafiki aliyekuwa akisimama barabarani kila asubuhi.

Mimi na yeye tulikuwa tunatoka Omurushaka kurudi nyumbani Kibingo, ndani ya gari dogo la abiria. Mvua ilishanyesha, barabara ikateleza. Kwenye mteremko tairi la mbele kushoto likapasuka, tukaingia kwenye shamba la migomba, gari likalala chali kama mende. Mimi nilirushwa nje. Mguu ulishavunjika, siwezi kunyanyuka, nikabaki nayatazama yale matairi yameelekea juu.

Ya kulia yalikuwa mapya, kashata zake zimesimama, yale meno yanayong'ang'ania barabara. La kushoto nyuma lilikuwa laini kama kiganja changu, waya zinachungulia. La mbele lilibaki vipande tu.

Darasa niliishia la nne, lakini hilo halikutaka shule. Trafiki akisimamisha gari anakuja dirishani kwa dereva, kulia. Kushoto kuna mtaro, na asubuhi ina umande, nani atazunguka huko kulowesha viatu? Basi mazuri wanayaweka kulia, vipara wanavipeleka kushoto. Na abiria tunapandia hukohuko kushoto. Lakini abiria anatazama tairi? Anatazama siti.

Msibani mwenye gari alikuja na mfuko wa sukari. Akasema ni mipango ya Mungu. Nikamwambia, "Mungu hajafunga tairi." Mama yangu akanishika mdomo, watu wasisikie.

Mdogo wangu aliacha mtoto wa kike. Nikamlea mimi, kwa kahawa na ndizi na mguu huu unaoburuzika. Mwaka huu amepata chuo cha uuguzi Bukoba. Siku ya kuripoti nikamsindikiza mpaka stendi Omurushaka. Gari lililokuwa zamu lilikuwa jipya machoni, rangi inang'aa, la mwenye duka yuleyule. Mtoto akawahi siti ya nyuma kushoto, dirishani. Palepale alipokaa mama yake.

Nikaenda kwenye tairi. Huwa natembea na kahawa ya kutafuna, hii yetu ya kuchemsha na kukausha. Namenya punje moja, naiweka ubavu kwenye mfereji wa tairi. Ikizama, panda. Ikibaki inachungulia, shuka. Hicho ndicho kipimo changu, sikufundishwa na mtu.

Punje ilikaa juu kama imewekwa mezani.

"Mama, unanunua gari au unasafiri?" konda akauliza. Watu wakacheka.

"Njoo utazame."

"Gari limekaguliwa, mama yangu. Stika ile pale kwenye kioo."

"Kioo hakigusi barabara."

"Huyu bibi kahawa imempanda," dereva akasema huku akiwasha gari. "Mama, tupishe, watu wana safari."

Nikapanda, nikashika begi la mtoto.

"Mama mkubwa, niache," akaninong'oneza. "Unanitia aibu. Nitachelewa kuripoti."

"Chelewa."

"Wataninyima nafasi!"

"Wakunyime. Shuka."

Alishuka analia, hakunitazama. Mara moja binti mwingine akakaa pale, umri uleule, ndoo mpya mapajani. Nikamwambia kupitia dirishani, "Mwanangu, tairi la upande wako limekwisha." Akafunga kioo.

Tulingoja mpaka jua likawa kali. Lilipokuja gari jingine nikalizunguka lote, punje zikazama. Akapanda bila kuniaga. Jioni akapiga simu: "Shikamoo. Nimefika, wamenipokea. Na lile gari ulilonishusha lilifika mapema, salama." Akakata.

Ndiyo, lilifika siku hiyo. Lile lililomuua mama yake nalo lilikuwa limefika asubuhi, na jana yake, na juzi. Hilo nashindwa kumwelewesha kwenye simu. Na konda, akiniona stendi, ananipigia kelele, "Mama kahawa! Leo hupimi?" Mimi namtazama tu, natazama na tairi. Hawajabadilisha.

Likizo iko karibu. Atarudi kwa barabara ileile, na stendi ya Bukoba sitakuwepo kumshusha. Siku ile nilimfungia kahawa kwenye karatasi, nikaichomeka mfukoni mwa begi lake. Juzi nikamuuliza kama bado anayo.

"Ipo," akasema.

Sikumuuliza zaidi. Sijui kama anaipimia au anaitafuna tu na wenzake.