Mboga za Mama na Chemchemi Iliyokauka

Mama alipopata kiharusi, nilifunga kibanda changu cha kushona nguo pale Kapsoit, nikarudi nyumbani upande wa Merigi kumtunza. Ndugu zangu walikuwa na kazi na watoto. Mimi nilikuwa na cherehani tu, na cherehani hubebeka. Mkono wake wa kushoto na mguu vilikuwa vimekufa, na maneno yalimtoka moja moja, lakini akili ilikuwa palepale. Kitu cha kwanza alichoniomba hakikuwa dawa. Alitaka kiti chake kiwekwe kwenye mlango wa nyuma, awe anaona bustani.

Haikuwa bustani kubwa. Ilianzia ukuta wa jikoni ikaishia kwenye boma la ng'ombe: mistari michache ya sukuma wiki na mboga za kienyeji, managu na saga, na malenge yaliyopanda ua. Mama aliilima tangu alipoolewa. Shamba la chai lilikuwa la baba hata baada ya baba kufa. Bustani ilikuwa yake.

Mwezi wa kwanza jua likashika. Huku kwetu tumezoea mvua ya alasiri hata hatuihesabu kuwa kitu, kwa hiyo wiki mbili zikipita bila tone watu huanza kutazamana. Majani ya chai yaliungua kingo, yakawa kama yamepitishwa motoni. Nilikuwa nikiamka mapema nateka maji chemchemini, chini ya shamba, na kumwagilia kabla jua halijapanda. Mama alinielekeza kutoka kitini. Alitaka nimwage kwenye shina, si kwenye majani, na nitandaze nyasi kavu juu ya udongo ili usipasuke. Nilifanya kila alichosema. Kwa muda mboga zilisimama.

Mwezi wa pili chemchemi ilipungua. Kwanza nilichota kwa ndoo, kisha kwa sufuria, kisha kwa kikombe huku nikisubiri maji yajikusanye tena. Asubuhi moja nikakuta tope tu, na nyuki wameketi juu yake.

Hapa lazima niseme kosa langu. Kandokando ya chemchemi ile kuna blugamu ishirini hivi, yaani mikaratusi, mirefu na minyoofu. Mimi ndiye niliyeshauri zipandwe, nilipotoka tu shuleni nikijiona najua mambo. Mama alikataa, akasema mama mkwe wake alimwonya kuwa mti ule hunywa kuliko ng'ombe. Nikamcheka. Nikaenda hadi Chepseon, nikarudi na miche kwenye gunia, naye akaipanda kwa mkono wake kwa sababu mimi ndiye mtoto wake aliyemaliza shule. Hajawahi kunikumbusha.

Siku ile ya tope nilichukua shoka nikateremka. Nilikata mti mmoja, nikaanza wa pili, mikono ikatoka malengelenge. Jirani yetu, mzee wa umri wa baba, alisikia akaja.

"Binti, pumzika," akaniambia. "Hata ukimaliza yote leo, maji hayawezi kurudi kesho."

Nikaacha shoka likiwa limekwama kwenye gogo. Mzee yule alikuwa na kisima ambacho bado kilikuwa na maji kidogo, na nusu ya kijiji walichota kwake. Alikubali kutupa mitungi miwili kwa siku, ya kunywa na kupika. Hakusema maji hayo yasiende bustanini. Hakuhitaji kusema.

Basi bustani ikaishi kwa maji machafu. Niliyooshea vyombo niliyapeleka kwenye sukuma, niliyofulia kwenye malenge. Jioni nilimwosha mama kwa beseni nusu, na hayo nayo nikayapeleka kwenye managu. Yalikuwa hayatoshi. Malenge yalikufa kwanza, saga zikafuata.

Jioni moja nilipoloweka kitambaa, mama alikikamata kwa mkono wake mzima.

"Usinioshe," akasema. "Peleka yote kwa mboga, yakiwa safi."

Nilimwambia ngozi yake itaharibika, mtu wa kulala na kukaa tu lazima aoshwe.

"Mimi nimeshakunywa maji yangu," akasema. "Peleka."

Nikapeleka. Nilimtii siku nne, na sitajitetea kwamba alinilazimisha. Nilitaka kuokoa walau kitu kimoja. Siku ya tano, nikimgeuza, nikakuta kidonda mgongoni, chini karibu na kiuno, chekundu na chenye unyevu. Muuguzi aliyekuja kumwona hakunigombeza. Aliniuliza tu mara ya mwisho nilimwosha lini. Akaniachia dawa ya kutia kwenye maji, akasema aoshwe asubuhi na jioni.

Nikamwosha ingawa alikataa. Alilia, si kwa maumivu. Maji yale ya dawa yalinuka kama choo cha hospitali, hayakufaa kumwagiwa mboga. Kwa hiyo kila siku niliyamwaga njiani, mbele ya macho yake.

Sukuma zilivumilia siku chache tu. Zilipokauka hadi moyoni, mama aliniambia nizing'oe nimpe ng'ombe. Nikazing'oa akiwa ameketi pale mlangoni. Managu zilikuwa na mbegu, nikamwuliza kama nizihifadhi. Alitikisa kichwa. Kisha akaomba arudishwe kitandani, na tangu siku hiyo hajaomba tena kiti.

Mvua ilichelewa hadi mwisho wa mwezi wa nne, ikaja na mawe, ikaangusha hata majani machache ya chai yaliyokuwa yamepona. Ilipotulia nilinunua miche ya sukuma sokoni Merigi nikapanda mistari miwili. Imeshika vizuri. Kidonda cha mama hakijafunga.

Juzi nilikaa kando ya kitanda nikamwambia sukuma zimeanza kuchumwa, nimpikie zipi, laini au zilizokomaa.

"Hizo ni zako," akasema, akageukia ukuta.

Nikaenda nikachuma, nikapika, nikala peke yangu jikoni.