Bakuli la Maji la Guilhelma

Dada yangu Guilhelma alikuwa mwoga tangu utotoni. Bata akimpigia kelele, anapanda juu ya benchi. Ndiyo maana nilicheka pale wakuu wa mji walipompa yeye, kati ya watu wote, kazi ya kulinda ukuta.

Nyumba yake iliegemea ukuta wa mji. Watu wa Mfalme wa Ufaransa walikuwa wametuzingira tangu mavuno ya zabibu, na tulijua watachimba chini ya ardhi hadi kwenye msingi, waangushe ukuta. Basi Guilhelma, mjane mfua sufu, akawekewa bakuli la maji sakafuni, kwenye chumba cha chini. Maji yakitikisika, ni dalili kwamba adui anachimba; akimbie kumwita mkuu wa mnara.

Yalitikisika wiki ya kwanza. Bahati yangu, alikuja kwangu kwanza, meno yakigongana. Nikamvuta ndani.

"Acha kelele, dada. Ni mimi, nasaga ngano."

Nilikuwa nimeficha gunia la ngano chini ya nyumba yangu, pua na mdomo na chumba chake. Amri ilikuwa wazi: anayeficha nafaka, au anayelala zamuni, anatolewa nje ya lango, mikononi mwa adui.

"Raimonda, utatuua!"

"Nina watoto wawili. Wewe waambie maji yametulia, basi."

Akawaambia. Kila asubuhi Arnaut, mkuu wa mnara, alipita akiuliza, naye akajibu, "Yametulia, bwana." Nilimpelekea mkate mara moja. Hakuweza kuumeza.

Jumatano moja mchana aliingia kwangu, uso mweupe.

"Mdogo wangu, nakuomba, punguza. Leo maji yanamwagika kabisa."

"Nipunguze nini?"

"Kusaga."

"Dada, ngano iliisha Jumapili."

Tulitazamana. Yeye, yule mwoga, alikimbia mtaa mzima kichwa wazi akipiga mayowe: "Wanachimba! Wako chini yetu!"

Wanaume walichimba kuanzia chumbani kwake, wakawakuta adui hatua nne tu kutoka kwenye msingi, wakawafukuza kwa moshi. Ukuta ulisimama. Kisha Arnaut akamgeukia dada yangu, uso umejaa masizi.

"Hatua nne! Hawa wako hapa siku nyingi. Wewe ulikuwa unafanya nini?"

Guilhelma alinitazama mara moja tu. Nilikuwa mlangoni, wanangu wameshika sketi yangu, unga bado uko kwenye kucha.

"Nililala, bwana."

"Siku zote hizo?"

"Nililala."

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Lakini woga ulinishinda, nikaufunga.

Walimtoa nje ya lango kabla jua halijazama. Mtu aliyekuwa akipanda benchi kwa kumwogopa bata alitoka kwa miguu yake mwenyewe, bila kusukumwa, wala hakugeuka nyuma.

Kesho yake, kwa kuwa nyumba yangu ndiyo iliyofuata ukutani, bakuli nikapewa mimi.