Ukoo wa Waoka Mikate

Mama yangu alikuwa mtu wa haraka, na haraka yake ilinitia aibu mara nyingi. Hii moja naikumbuka kwa raha.

Miaka ya sabini, tulipotoka Unguja, tulikaa Ibra, Omani. Mimi nilipata kazi ya kusomesha Kiingereza, mama akauza mikate ya kumimina. Jambo moja lilimkosesha raha. Mzee wa kabila letu, ambaye naye aliwahi kuishi Unguja, hakutaka kutia sahihi kwamba mama ni mtu wao. Bila sahihi ile hapati pasi, na bila pasi haendi Makka. Mzee hakuwa mbaya. Alisema tu kwamba babu yake mama aliondoka Ibra zamani mno, na hapatikani anayemkumbuka.

Skuli nilikuwa na mwalimu mwenzangu Mwingereza, kijana mpweke. Siku moja nikamwambia mama kwamba mji wa Sur yuko mhandisi, naye Mwingereza, mwenye jina la ukoo lilelile.

"Masikini! Ndugu wako mkoa mmoja huu wa Sharqiya na hawajuani?"

"Mama, hilo si kabila. Ni jina tu."

"Jina tu! Hebu nyamaza."

Kwetu Omani jina la mwisho ndilo kabila, na mwenye jina lako ni damu yako. Mama hakuweza kuliona vingine. Akaagiza mbuzi kutoka soko la Sinaw, akanituma niwaalike wote wawili Ijumaa, na yule mzee akaombwa aje kuwakutanisha.

Walikuja. Mzee akauliza habari, kisha akataka nasaba. Nilitafsiri huku masikio yananiwaka moto. Mhandisi, mtu wa makamo, akacheka, akaeleza. Zamani kwao mtu alikuwa na jina moja tu. Vijiji vilipojaa watu wa jina moja, wakapambanuliwa kwa kazi: huyu mhunzi, yule mwoka mikate. Kazi ikaachwa, jina wakarithi watoto. Lao ni hilo la mikate, na kila kijiji kilikuwa na mwokaji wake.

"Yaani si ndugu?" mzee akauliza.

"Huenda si ndugu hata kidogo."

Pazia la mlangoni, alilokaa mama nyuma yake, likatikisika. "Waoka mikate? Basi wote ukoo wangu!"

Tulicheka mpaka wali ukapoa. Yule kijana akaanza kumwita mwenzake ami, na mhandisi akamwambia aje Sur kila wiki, nyumba yake ni kubwa na haina mtu.

Tuliponawa, mzee akanyoosha mkono kungoja finjani. Dalla, birika la kahawa, haikutoka nyuma ya pazia.

"Binti yangu, wen il-gahwa? Kahawa iko wapi?"

"Inakuja, shekhe. Lakini hawa jina lao limetoka tanurini, na wamekubaliana kwa sinia moja ya wali. Langu mimi limetoka Ibra hii hii, na huu mwaka wa pili nangoja."

Chini ya pazia ikateleza karatasi, imekunjwa vizuri. Niliona haya, nikatazama zulia. Hadi leo sijui mbuzi yule alichinjiwa Waingereza au alichinjiwa karatasi.

Mzee akaikunjua, akaisoma, kisha akanigeukia. "Wallahi, mwalimu gani wewe hutoi kalamu?"

Mfukoni nilikuwa na kalamu nyekundu tu, ya kusahihishia madaftari. Akatia sahihi kwa hiyo, akairudisha karatasi chini ya pazia. Vidole vya mama vikaivuta ndani, na papo hapo dalla ikatoka.