Vere aliniuliza kuhusu homa

Jamani, akili yangu inagoma. Juzi tumemzika Vere hapa Ngara, na leo asubuhi nimeshika simu nimpigie kumuuliza kama amekunywa uji.

Kwa msiomjua: Verediana, wakala wa forodha pale Rusumo, mama yake Neema, mgonjwa mwenzangu wa kansa ya ovari. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, Nyarubungo. Tulikutana Mwanza, kwenye chumba cha dripu, viti vyetu vinatazamana.

Siku hiyo ya kwanza nilikuwa nalia. Akaniangalia weee, kisha akasema, "Dada, hebu lia taratibu, mwenzio nina kichefuchefu." Nikacheka huku kamasi zinanitoka.

Tukaomba tupangiwe tarehe moja. Yeye anapanda basi Benaco, mimi napandia Biharamulo mjini, nakuta siti yangu ameiwekea mkoba. Mtu akitaka kukaa anaambiwa, "Hapo pana mgonjwa." Akiuliza yuko wapi: "Anakuja, na ana hasira kuliko mimi."

Alinisimulia kwamba tumbo lilipojaa maji, kabla hajajua anaumwa nini, madereva wa malori walidhani ni mimba. Mmoja akamletea blanketi la mtoto kutoka Kigali. Na Vere akalipokea!

"Mwalimu, mzigo ukishapata release ya forodha haurudi." Akawa anajifunikia miguu kwenye dripu. La njano, lina picha za bata.

Nywele zangu ziliponyonyoka nilijifungia ndani siku tatu. Akanipigia simu: "Wale watoto wamekuja kusoma, hawajaja kukagua nywele. Toka nje." Nikatoka.

Baadaye tukaanzisha grupu la WhatsApp, wanawake sita wa Ngara na Biharamulo. Jina alilitunga yeye: Vipara.

Mtu akiuliza, "Vidole vinakufa ganzi, ni kawaida?" tunamjibu, "Hata mimi." Mdomo una ladha ya chuma? Hata mimi. Huwezi kuamini jinsi maneno hayo mawili yanavyomtuliza mtu aliyekuwa anadhani anakufa.

Sasa naomba mnisome mpaka mwisho. Tangu msiba mnanitumia meseji, "ulimpigania", "Mungu akulipe". Acheni kwanza.

Alhamisi ya wiki iliyopita, siku ya tisa baada ya dozi yake ya nne, Vere aliniandikia: "Mwalimu, nina homa, na baridi inanitetemesha. Ni kawaida hii?"

Nilikuwa nasahihisha madaftari. Nikamjibu hapohapo: "Hata mimi ilinipata dozi ya pili. Kunywa maji mengi, lala, itapita."

Ni kweli ilinipata, na kweli ilipita. Nilikuwa na bahati tu, nikamwandikia mwenzangu bahati yangu kama dawa.

Na nesi alitueleza wote wawili, tena zaidi ya mara moja. Ukiwa kwenye kemo kinga ya mwili inashuka, homa si ya kukaa nayo nyumbani, nenda hospitali saa hiyohiyo. Nilisikia. Mimi huyuhuyu ninayewafokea watoto kwa kutosikiliza.

Ijumaa akaniandikia, "Nimelala boss, natii amri." Nikamtumia kicheko.

Jumamosi Neema alimkuta mama yake anaongea maneno yasiyoeleweka, wakakimbia naye hospitali. Madaktari walipambana sana kumwokoa. Jumapili mchana simu ikaita: "Mama mdogo, mama ametuacha."

Mazishini Neema alisimama kushukuru watu, na wa kwanza kumtaja ni mimi. Watu wakageuka kuniangalia. Niliinamisha kichwa, wakadhani ni majonzi tu, kumbe ni aibu.

Jana nilishindwa kuendelea kuficha. Nikamfuata jikoni anaosha masufuria, nikamnyooshea simu yangu asome. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi ndiye niliyemwambia mama yako alale nyumbani."

Hakuipokea. Akajifuta mikono kwenye kitenge, akasema, "Najua, mama mdogo. Alhamisi ileile niliita bodaboda nimpeleke, akairudisha. Aliniambia Mwalimu kasema itapita."

Alijua! Alisimama mbele ya watu wote wale anajua.

Nikamuuliza, sasa ulinishukuru nini mimi?

"Alikuwa anaogopa sana asubuhi ile. Ulipomjibu, akaacha kuogopa."

Kisha akarudi kwenye masufuria yake. Nikabaki nimesimama pale, sijui nimsaidie kuosha au niondoke.

Bora angenitukana. Matusi ningejua pa kuyaweka. Shukrani hii sijui niifanyie nini.

Neema ameniruhusu niandike haya. Wenzangu mlio kwenye kemo, mkiona homa msiniulize mimi, msiulize grupu, msimuulize yeyote aliyepona ya kwake. Nendeni hospitali, hata kama mnajiona mnasumbua.

Na grupu lenyewe liko kimya tangu Jumapili. Kila mmoja anaogopa kuuliza, na mimi naogopa kujibu. Bado nina dozi mbili mbele yangu, na mtu ambaye ningemwambia kuwa naogopa ndiye huyo tumemzika.

Vere, ulikuwa na watu wengi wa kukupa moyo. Alhamisi ile ulihitaji mtu mmoja wa kukutisha, ukanichagua mimi, nami nikakubembeleza. Ningekufokea, labda leo ungekuwa unanicheka. Labda. Hakuna daktari atakayeniambia ndiyo au hapana.

Nisamehe, mwenzangu. Uliniamini, nikakukosea bila kukusudia.

Pumzika, Vere wangu. Lala bila homa.